Namba 112 si ya stoo: barua ya wazi kwa mafundi wa simu za ofisini

Ndugu zangu mafundi mnaofunga mitambo ya simu maofisini, hospitalini, vyuoni na hotelini,

Nimekaa swichibodi sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi hapa Dar es Salaam, na sasa nawafundisha vijana wanaoingia mapokezi. Nawaandikia kuhusu uamuzi mmoja mnaoufanya mapema, mara nyingi kabla simu ya kwanza haijatolewa kwenye boksi: mtu akinyanyua mkono wa simu humu ndani, tarakimu ya kwanza atakayoibonyeza itampeleka wapi? Uamuzi huo mara nyingi hupita bila kujadiliwa na mtu yeyote, kwa sababu mtambo umeachwa kama ulivyotoka kiwandani. Mkishaondoka, watu wa jengo zima wanaishi nao miaka na miaka.

Mitambo midogo mingi tunayoijua huja na namba za ndani zinazoanzia 101. Fundi anazigawa kwa mpangilio: 101 mapokezi, 102 mkurugenzi, 103 katibu muhtasi wake, na kuendelea. Ofisi ikifika vyumba kumi na viwili, 112 inaangukia kwa mtu. Kwingine ni stoo, kwingine ni kwa mhasibu. Ikifika vyumba kumi na sita, 114, 115 na 116 nazo zimeshapata wenyewe. Sasa 112 ndiyo namba ya polisi nchini kwetu. 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. 115 inatumika kuita usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga katika mpango wa m-mama. 116 ni ya kuomba msaada kwa ajili ya mtoto anayefanyiwa ukatili. Moshi ukianza kutoka chumba cha seva saa mbili usiku, na mama anayefanya usafi ghorofani akaikumbuka namba aliyoisikia redioni, akabonyeza 114, kinachoita ni simu ya mezani ya mtu aliyetoka kazini saa kumi jioni. Inaita, hakuna anayepokea. Yule mama hana namna ya kujua kwamba zimamoto hawajaitwa. Anachosikia sikioni ni mlio ule ule wa simu inayoita popote, kwa hiyo anasubiri, na moto hausubiri.

Mtaniambia alipaswa kubonyeza kwanza tisa ya kutoka nje. Nami nawauliza: nani alimwambia? Aliyeajiriwa ofisi hiyo alielekezwa siku yake ya kwanza, labda. Mfanya usafi analetwa na kampuni nyingine, mlinzi analetwa na kampuni ya tatu, mgonjwa amelazwa jana, mgeni wa hoteli amefika usiku huu. Hao wote wanaijua 112 kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, na kwa sababu simu za mkononi zinaitambua hata zikiwa zimefungwa kwa namba ya siri. Simu iliyo mfukoni mwa kila mtu imetengenezwa ili kikwazo kisimame pembeni mtu anapoomba kuokolewa. Simu ya mezani ya ofisi, ambayo imefungwa na mtaalamu, ndiyo inayomwekea kikwazo.

Tisa yenyewe ilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa ya chuma. Katika mitambo ya zamani iliyotokana na uvumbuzi wa Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi wa Kansas City aliyepewa hataza mwaka 1891, kila tarakimu ilikuwa mwendo. Ukizungusha tisa, mtambo ulipokea midundo tisa ya umeme na mkono wake wa chuma ukapanda ngazi tisa. Katika ngazi hiyo ndipo zilipofungwa nyaya za kwenda nje, na mara nyingi ngazi ya sifuri ilikwenda kwa opereta. Mtambo huo haukuwa na uwezo wa kushika namba nzima, kuitazama, kisha kuamua. Uliamua kila tarakimu inapoingia, basi ilibidi mtu autangulie kwa kuuambia kwamba anataka kutoka nje.

Simu za SIP mnazofunga leo hazina ulazima huo. Zinaweza kukusanya tarakimu zote na kuzituma kwa mkupuo, kama simu ya mkononi inavyofanya ukibonyeza kitufe cha kijani. Programu ya Asterisk, aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999 na ambayo wengi wenu mmejifunzia kazi, inasoma namba kwa ruwaza: unaiandikia kwamba sifuri ikifuatwa na tarakimu tisa ni simu ya nje, nayo inaitoa nje. Mitambo mingine ya kisasa inafanya hivyo hivyo kwa menyu zake. Ukimkuta fundi mwaka huu bado anaweka tisa kwenye mtambo mpya, anaweka desturi ya mtambo uliokwisha kuuzwa chuma chakavu.

Desturi hiyo imeshaua heshima ya kazi hii mahali pengine. Tarehe 1 Desemba 2013, katika moteli moja mjini Marshall, Texas, mwanamke aitwaye Kari Hunt alishambuliwa na kuuawa na mume waliyekuwa wametengana naye. Binti yake wa miaka tisa alikuwemo chumbani. Mtoto huyo alifanya alichofundishwa: alinyanyua simu ya chumbani akapiga 911. Haikwenda. Akarudia, akarudia tena, mara nne kwa jumla. Simu za moteli ile zilitaka tisa kabla ya namba yoyote ya nje, na hakuna mtoto anayefundishwa hilo. Baba yake Kari, Hank Hunt, alizunguka kudai sheria, na tarehe 16 Februari 2018 Marekani ikapitisha sheria inayobeba jina la Kari. Mitambo ya simu za majengo iliyotengenezwa, kuuzwa au kufungwa baada ya tarehe 16 Februari 2020 inatakiwa kuruhusu 911 ipigwe moja kwa moja, bila tarakimu yoyote ya kutangulia, na ipeleke taarifa mapokezi au kwa walinzi kwamba simu hiyo imepigwa.

Marekani walihitaji sheria. Sisi tunaweza kuanza na bisibisi na kompyuta mpakato mlizonazo tayari.

Kwa wenzetu wa Kenya na Uganda, ambako watu wanaijua 999 pamoja na 112, tisa ina ubaya wa pili. Namba ya 999 ilianzia London tarehe 30 Juni 1937, baada ya moto wa mtaa wa Wimpole mwezi Novemba 1935 uliowaua wanawake watano wakati jirani aliyepiga simu akisubiri kwenye foleni ya opereta. Ni namba iliyozaliwa kwa ajili ya kuondoa kungoja. Katika ofisi ya Nairobi inayotoka nje kwa tisa, mtu akibonyeza 999, mtambo unaichukua tisa ya kwanza kama ufunguo wa laini na kupeleka nje 99 tu. Kampuni ya simu inakaa ikisubiri tarakimu ya tatu ambayo haiji, na aliyepiga anakaa akisubiri sauti ambayo haiji.

Wengine mmeikwepa tisa kwa kutumia sifuri. Nayo ina mitego yake, kwa sababu sifuri tayari ina kazi nzito katika namba zetu: ndiyo inayotangulia namba za ndani ya nchi, na tatu kwa pamoja, 000, ndizo za kwenda ng'ambo. Majirani wa Afrika Mashariki waliwekewa misimbo yao mifupi, 005 kwa Kenya, 006 kwa Uganda na 007 kwa Tanzania. Katika ofisi ya Kenya inayotoka nje kwa sifuri, anayepiga namba ya mkononi inayoanza na 07 anabonyeza 007, na mtambo usipoinyofoa ile sifuri ya kwanza, simu ya mtaa wa pili inaanza safari ya Tanzania. Hapo anayepiga hana kosa lolote. Amefuata maelekezo.

Ninachowaomba ni kupanga kuanzia upande wa mkono wa mtu, na upande wa namba fupi kwanza kabla ya nyingine zote. Ichukueni tarakimu ya moja muiache kwa ajili ya taifa. Namba za ndani zisianze nayo kamwe. 112, 114, 115, 116 na nyinginezo za huduma kwa umma kama 113 ya TAKUKURU na 199 ya afya zitoke zilivyo, mara tu tarakimu ya tatu inapobonyezwa, bila mtambo kukaa sekunde kadhaa ukijiuliza kama kuna ya nne. Sifuri iwe ya nje kwa maana ile ile ambayo kila Mtanzania anaijua: sifuri na tarakimu tisa, iwe 022 ya Dar es Salaam, 028 ya Mwanza na kanda ya ziwa, au 06 na 07 za mkononi. Anachobonyeza mtu kwenye simu yake ndicho abonyeze kwenye simu ya ofisi. Namba za ndani zianze na mbili hadi saba, na hospitali kubwa ichukue tarakimu nne, idara moja tarakimu yake, ili muuguzi akiona 3 ajue ni maabara inapiga. Nane itawatosha kwa ujumbe wa sauti, kuhamisha simu na mambo mengine ya mtambo.

Na tisa? Iacheni wazi kwa wazoefu. Kuna watu vidole vyao vimeishika tisa tangu enzi za simu za kuzungusha, na hatuna haki ya kuwatelekeza kwa sababu mtambo ni mpya. Akibonyeza tisa kisha sifuri na namba yake, mtambo uinyofoe tisa kimya kimya na kuipeleka simu. Akibonyeza 9112 au 9114, ipite vile vile. Aliye katika hatari asiadhibiwe kwa kuzoea vizuri mtambo wa zamani.

Simu za ng'ambo zina urefu tofauti tofauti, kwani utaratibu wa kimataifa unaruhusu hadi tarakimu kumi na tano pamoja na msimbo wa nchi. Hapo mtambo lazima usubiri kidogo, au mpigaji amalizie kwa alama ya reli. Waelezeni hivyo, wataelewa. Katika kitabu cha namba cha mtambo hifadhini kila namba kwa ukamilifu wake, +255 na kuendelea, ili kampuni ikifungua tawi Kampala au ikibadilisha mtoa huduma msianze kuandika upya.

Sasa nije kwenye kufuli. Mabosi wanaogopa ankara, na hofu yao ina msingi. Mtambo ulioandikwa ruwaza inayokubali namba yoyote kutoka popote ni mlango wazi kwa wezi wanaoingia usiku kupitia intaneti na kupiga namba za gharama kubwa ng'ambo mpaka alfajiri, na ofisi inalipa. Fungeni simu za ng'ambo kwa wasiozihitaji. Wekeni namba ya siri. Tenganisheni simu zinazoingia na zinazotoka, ili anayepiga kutoka nje asiweze kutoka tena nje kupitia kwenu. Hayo yote nayaunga mkono.

Lakini tazameni simu zinazofungwa kwanza ni zipi. Ni ya kibanda cha mlinzi getini, ya wodini, ya jikoni, ya karakana, ya korido ya bweni. Zinafungwa kwa sababu wanaozitumia ni watu wa mishahara midogo na bosi anadhani watapiga simu za nyumbani. Ndizo hizo hizo zilizo karibu na jambazi, mgonjwa aliyezidiwa, mtungi wa gesi, mashine ya kukata chuma na mtoto wa shule anayelia usiku. Simu ya mkurugenzi, iliyofunguliwa kila kitu, iko ndani ya chumba kilichofungwa kwa ufunguo jioni. Kufuli la gharama halina kazi kwenye namba ya dharura. Liwekeni juu ya ruwaza nyingine zote, na lile fungu la 112 likae nje yake, kwa kila simu, bila namba ya siri, hata simu ambayo haina ruhusa ya kupiga kitu kingine chochote. Na chaneli zote zikiwa na watu, thelathini za E1 au nne za mtambo mdogo, mtambo ukate mazungumzo mengine uipishe simu hiyo. Mazungumzo ya bei ya saruji yatarudiwa.

Yupo atakayesema siku hizi kila mtu ana simu ya mkononi, basi tusihangaike na za mezani. Wapo wafanyakazi wa viwandani wanaoacha simu zao kabatini kabla ya kuingia kazini. Kuna vyumba vya chini ya ardhi ambako mtandao haufiki, na wodi ambako mgonjwa hana chaji. Na kuna jambo la mahali: simu ya mezani imefungwa ukutani, na mahali ilipo panajulikana, kama mliandika.

Hilo la mahali linaharibika kimyakimya siku hizi. Kampuni ina makao makuu Dar es Salaam na tawi Mwanza, na simu za matawi yote zinatokea kwenye laini moja ya makao makuu kwa sababu ni nafuu. Mfanyakazi wa Mwanza akipiga 114, simu yake inatoka ikionekana ni ya Dar es Salaam, na anayeipokea yuko mbali kabisa na moto wenyewe. Wekeni njia ya dharura ya kila tawi itokee palepale mjini, hata kama ni laini moja ya shaba au kifaa kimoja chenye kadi ya simu ya mkononi. Umeme ukikatika, njia hiyo na simu yake viwe na betri.

Kuna pia namba inayoonekana kwa anayepigiwa. Ofisi nyingi zinatoka nje kwa namba moja ya jumla. Simu ya dharura ikikatika katikati, askari wa zimamoto anairudia namba hiyo, naye anakaribishwa na sauti ya kumwomba achague lugha. Ipangeni simu ya dharura itoke na namba inayorudi kwa binadamu aliye macho saa hiyo: mapokezi mchana, mlinzi usiku. Na mtambo umpe mlinzi huyo taarifa papo hapo: simu ya 114 imepigwa kutoka ghorofa ya tatu, chumba cha seva. Mlinzi ndiye atakayefungua geti, kusimama barabarani na kuonyesha gari la zimamoto liingie upande upi. Sheria ya Marekani niliyoitaja imeliona hilo. Mlinzi wetu analijua bila sheria, akipewa tu habari.

Kwa wakuu wa utawala na maofisa ugavi mtakaoisoma barua hii: mafundi wanafunga mnachokilipia. Nyaraka zenu za zabuni zinaeleza idadi ya simu, rangi ya skrini na muda wa dhamana. Ongezeni sentensi moja: namba za dharura zipigwe moja kwa moja kutoka kila simu, na malipo ya mwisho yasitoke kabla hilo halijathibitishwa. Kwa wenzetu wa TCRA, mnaosimamia namba za nchi hii: mmezitenga namba hizi fupi ili mwananchi azifikie bila malipo popote alipo. Mtambo wa ofisi unaozipa stoo unamnyima haki hiyo ndani ya kuta nne, na mna mamlaka ya kuwataka wanaouza na kufunga mitambo hiyo waache. Tunaomba mlifanye kuwa sharti.

Nanyi mafundi, siku ya kukabidhi mtambo msijaribu wenyewe kwa simu ya chumba cha mikutano. Pigeni kwanza kituo cha zimamoto na cha polisi kwa namba zao za kawaida, mwaombe saa ambayo hamtawasumbua, mwaeleze mnachofanya. Kisha mwiteni mlinzi wa usiku, mama wa usafi, muuguzi wa zamu, kila mmoja asimame kwenye simu iliyo karibu na kazi yake. Msimwelekeze. Mwambieni tu, "Hapa pana moto, piga." Tazameni vidole vyake vinakwenda wapi, na kama haikutoka, rudini kwenye kompyuta mrekebishe mtambo, yeye mwacheni alivyo.

Wenu katika kazi,
Mhudumu wa swichibodi,
Dar es Salaam